Uchafu Usiotoka kwa Magadi

Somo juu ya unajisi wa sanamu. Soma kwanza nyumbani: 2 Wafalme 22 na 23; Yeremia 2 na 3; Ezekieli 8, 14 na 36.

Walimu wengi hukutana na swali moja wanapofundisha Amri ya kwanza. Mwanafunzi huuliza: "Mwalimu, umetufundisha ya kuwa sanamu si kitu. Ni mti tu au jiwe tu, haioni wala haisikii. Mbona tena twasikia ya kuwa sanamu hunajisi? Kitu ambacho si kitu chawezaje kumchafua mtu?"

Swali hili ni jema, na mwenye kuliuliza asikemewe. Mtume Paulo mwenyewe ayashika maneno yote mawili. Katika 1 Wakorintho 8:4 afundisha ya kuwa sanamu si kitu ulimwenguni. Lakini katika barua yake ya pili (6:16 mpaka 7:1) auliza kama hekalu la Mungu na sanamu vyaweza kupatana, na papo hapo awaonya Wakristo wajitakase na kila uchafu, wa mwili na wa roho. Basi lazima yako maelezo yanayoyaunganisha maneno haya mawili.

Tena jibu lake si neno la kushindania tu. Kama uchafu umo katika mti, basi aliyeuchoma mti amekwisha kuwa safi, na kazi ya mwalimu imekwisha siku ile ile. Bali kama uchafu umo mahali pengine, moto wetu haujaufikia bado. Na tuyatazame Maandiko kwa utaratibu.

1. Unajisi ni wa namna mbili

Katika Torati twaona unajisi wa namna mbili, na anayeuchanganya hupotea njia. Wa kwanza ni ule unaoelezwa katika Mambo ya Walawi, sura 11 mpaka 15, na Hesabu 19. Mama aliyejifungua, mwenye ugonjwa wa ngozi, mtu aliyegusa maiti, wote walihesabiwa kuwa si safi kwa muda. Lakini jambo hili halikuwa dhambi. Kumzika baba ni wajibu wa mwana, walakini mwana aliyemzika baba yake alikuwa najisi siku 7. Unajisi huu ulikuwa na dawa yake. Mwingine uliisha jioni, mtu akiisha kuoga. Mwingine ulitaka maji ya kunyunyiziwa siku ya tatu na siku ya saba. Kisha mtu alirudi kati ya wenziwe.

Unajisi wa pili ni mzito kuliko huo. Torati yautaja juu ya mambo matatu: uzinzi (Mambo ya Walawi 18), kumwaga damu ya mtu (Hesabu 35:33-34), na kuabudu miungu mingine, hasa kumtolea Moleki watoto (Mambo ya Walawi 20:1-5). Hapa hatusomi habari za maji wala za kungoja jioni. Uchafu huu hautulii mahali pamoja. Hutoka kwa mtu, ukafika patakatifu pa Mungu, ukaenea katika nchi, hata nchi yenyewe ikawatapika waliokaa ndani yake.

Mbona Maandiko yanaita jambo hili uchafu, wala si kosa tu? Kwa sababu Mungu alikuwa amependa kukaa katikati ya watu wake. Mwenye deni aweza kusimama mlangoni akazungumza na anayemdai. Lakini mtu aliyejipaka uchafu hakaribii meza, wala hapewi mkeka wa kuketi. Neno "uchafu" latufundisha ya kuwa dhambi hii inaharibu kukaa pamoja. Manabii walitumia mfano mwingine wa maana hiyo hiyo. Hosea na Yeremia waliwaita Waisraeli walioabudu Baali mke aliyemwacha mumewe akaenda kwa wapenzi wengine. Katika nyumba kama hiyo, kitanda kimenajisiwa na nini? Si kwa mti wake wala kwa kamba zake, bali kwa ahadi iliyovunjwa juu yake.

Hapa twaanza kupata jibu la mwanafunzi wetu. Mti haukumchafua mtu, maana hauna nguvu hata ya kuchafua. Moyo wa mtu ulijichafua wenyewe siku ulipoupa mti hofu, tumaini na mapenzi ambayo yana mwenyewe, ndiye Mungu.

2. Mfalme aliyeisafisha nchi

Tuone sasa jinsi neno hili lilivyotokea katika mambo ya Yuda. Mfalme Manase alitawala Yerusalemu miaka 55, akajenga madhabahu za miungu mingine hata ndani ya nyua za hekalu. Mjukuu wake, Yosia, alitawazwa akiwa mtoto wa miaka 8. Katika mwaka wa 18 wa kutawala kwake, yaani mwaka 622 kabla ya kuzaliwa Kristo, kuhani Hilkia aliona kitabu cha Torati hekaluni. Mwandishi Shafani akakisoma mbele ya mfalme, na mfalme akayararua mavazi yake.

Kazi aliyoifanya Yosia imeandikwa katika 2 Wafalme 23. Vyombo vya Baali na Ashera na vya jeshi la mbinguni vilitolewa hekaluni, vikateketezwa nje ya mji katika mashamba ya Kidroni, na majivu yake yakapelekwa Betheli. Ile Ashera iliteketezwa, ikasagwa hata ikawa mavumbi, nayo mavumbi yakatupwa juu ya makaburi. Katika bonde la Hinomu alipanajisi Tofethi, mahali pale palipochomewa watoto. Magari ya jua aliyateketeza kwa moto. Mahali ambapo Sulemani alikuwa amewajengea miungu ya wake zake, alipajaza mifupa ya watu.

Msomaji atazame vema: imeandikwa ya kuwa Yosia alipanajisi mahali pa sanamu. Mfalme mcha Mungu anajisije mahali? Maana yake ni kwamba aliuonyesha wazi uchafu uliokuwa umefichwa chini ya ubani na nguo nzuri. Watu wa siku zile walizoea ishara za namna hii. Yehu aliifanya nyumba ya Baali kuwa choo (2 Wafalme 10:27). Na mwaka 2016 wachimbuaji wa mambo ya kale walitangaza ya kuwa katika lango la mji wa Lakishi, mmoja wa miji mikubwa ya Yuda, walikuta chumba cha ibada ambamo pembe za madhabahu mbili zilikuwa zimekatwa kwa makusudi, na ndani yake kimewekwa kiti cha choo cha jiwe. Kilipochunguzwa, hakikuonekana kuwa kilipata kutumiwa. Kiliwekwa kuwa ishara ya dharau tu. Wachimbuaji hao walisema ni kazi ya siku za mfalme Hizkia, baba yake Manase.

Basi Yosia hakusazia kitu. Kama uchafu ungekuwa katika mti na jiwe, Yuda ingalikuwa nchi safi kupita nchi zote.

3. Miaka 30 baadaye

Lakini Mungu alikuwa ameonya mapema. Nabii wa kike Hulda alipoulizwa na wajumbe wa mfalme, alisema ya kuwa Yosia mwenyewe atahurumiwa kwa sababu moyo wake umelainika, ila mji hautaepuka hukumu. Na Yeremia, aliyehubiri siku zile zile za Yosia, asema wazi katika sura ya 3 ya kuwa Yuda hawakurudi kwa moyo wote, bali kwa unafiki. Mfalme alivunja madhabahu. Watu walitazama, wakanyamaza, wakangoja.

Yeremia alileta pia mfano ambao sisi tunauelewa upesi (2:22). Asema, hata Yuda akijiosha kwa magadi, akaongeza na sabuni nyingi, waa la uovu wake laonekana bado mbele za Mungu. Magadi twayajua sote; jikoni hutumika kulainisha maharagwe magumu. Watu wa kale waliyatumia kufulia nguo na kuondoa mafuta yaliyoshika sana. Ilikuwa dawa yao ya mwisho. Waa lisilotoka kwa magadi halikuwa na dawa tena.

Yosia alikufa Megido mwaka 609, alipotoka kupigana na Farao Neko. Mwaka 597 wakuu wengi walichukuliwa mateka mpaka Babeli, na pamoja nao kuhani mmoja kijana, jina lake Ezekieli. Mwaka 592, miaka 30 tu tangu kazi ile ya Yosia, Ezekieli alionyeshwa katika njozi mambo yaliyofanyika hekaluni Yerusalemu (Ezekieli 8). Kwenye lango la kaskazini iko sanamu. Ndani ya chumba chenye giza wako wazee 70, kila mmoja na chetezo chake, wakifukiza ubani mbele ya michoro ya wanyama ukutani. Wanawake wanamlilia Tamuzi. Wanaume wapata 25 wamelipa hekalu kisogo, wakilisujudia jua. Kati ya wale wazee anatajwa mmoja kwa jina, Yaazania, mwana wa Shafani. Wako wafafanuzi wanaomhesabu Shafani huyu kuwa mwandishi yule yule aliyekisoma kitabu mbele ya Yosia.

Tena tusome Yeremia 44. Yerusalemu umekwisha kuteketezwa, na mabaki ya watu wamekimbilia Misri. Yeremia awaonya waache kumfukizia ubani yule waliyemwita malkia wa mbinguni. Wao wamjibu bila haya: Tulipomfukizia tulikuwa na chakula tele, wala hatukuona mabaya; tangu tulipoacha, tumepungukiwa na vyote, na upanga na njaa vimetumaliza.

Wapenzi, tusipite hapa haraka. Watu hawa hawakusema kwamba wanapenda uzuri wa sanamu. Walisema habari za mkate na za mauti. Miaka yote madhabahu zilipokuwa zimevunjwa, mioyoni mwao walikuwa wakifanya hesabu: tumeacha, tumepata nini? Sanamu iliondolewa mahali pake pa nje, na mahali pake pa ndani pakabaki pakiingoja.

4. Mahali sanamu inapokaa

Siku moja wazee wa Israeli walikuja kuketi mbele ya Ezekieli huko Babeli, wapate neno la Mungu (Ezekieli 14). Hatusomi ya kuwa walikuwa na sanamu mikononi. Walikuja kwa adabu kama watu wa kanisa. Lakini Mungu alimwambia nabii ya kuwa watu hawa wameziweka sanamu zao ndani ya mioyo. Na neno la Kiebrania alilopenda Ezekieli kutumia kwa sanamu ni gillulim. Limo katika kitabu chake zaidi ya mara 30. Ni neno la kuchukiza, nalo wataalamu wengi hulilinganisha na neno la mavi. Watu waliweka moyoni, mahali pa heshima, kitu ambacho mtu hukifukia nje ya kambi.

Bwana wetu Yesu alikaza neno hilo hilo katika Marko 7. Kinachoingia mtu kwa kinywa hakimtii unajisi. Yatokayo moyoni ndiyo yanayomtia unajisi. Na Paulo, katika Wakolosai 3:5, ataja tamaa ya mali kuwa ni ibada ya sanamu, ingawa mwenye tamaa hiyo hakuchonga chochote. Kwa hiyo Martin Luther, katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, alieleza Amri ya kwanza kwa njia rahisi: kile ambacho moyo wako umekishika na kukitegemea, hicho ndicho mungu wako kwa kweli. Alisema pia ya kuwa sanamu inayoabudiwa na wengi kupita zote duniani ni mali.

Basi tusidhani ya kuwa somo hili ni la mwenye hirizi peke yake. Mwenye hirizi huogopa ugonjwa, akatumaini kifurushi alichofunga shingoni. Mwenye duka huogopa umaskini, akatumaini sanduku lake la fedha. Mwalimu naye aweza kuogopa kudharauliwa, akatumaini sifa za washarika. Mmoja huonekana na watu, wawili hawaonekani. Mbele za Mungu wote watatu wana waa moja.

5. Maji ambayo Mungu mwenyewe huyanyunyiza

Kama Maandiko yangeishia hapa, tungefunga kitabu kwa huzuni. Lakini Ezekieli yule yule, kuhani aliyeijua sana Torati ya unajisi, alipewa neno jipya katika sura ya 36, mistari 25 mpaka 27. Mungu asema kwamba yeye mwenyewe atawanyunyizia watu wake maji safi, naye atawatakasa na uchafu wote na sanamu zao zote. Tena atawapa moyo mpya, na roho yake ataitia ndani yao.

Tuangalie ajabu iliyopo hapa. Maji ya kunyunyiza yalikuwa dawa ya ule unajisi mwepesi, kama wa kugusa maiti. Kwa unajisi wa sanamu Torati haikutaja maji. Lakini sasa Mungu asema ya kuwa yako maji hata kwa uchafu huu, na anayeyanyunyiza si Hilkia wala Yosia, ni yeye mwenyewe. Wala hasemi, "Jitakaseni kwanza, kisha nitakuja," bali yeye huja na maji mkononi. Na anachokiosha si nyua za hekalu, ni moyo, mahali pale ambapo moto wa Yosia haukufika.

Neno hili limetimizwa katika Kristo. Waraka kwa Waebrania (9:13-14) walinganisha majivu ya ng'ombe, yaliyotakasa mwili tu, na damu ya Kristo inayotakasa dhamiri ya mtu na matendo mafu, apate kumtumikia Mungu aliye hai. Hii ndiyo neema tuliyopewa katika ubatizo. Tena Katekisimo Ndogo hutufundisha ya kuwa ubatizo si kazi ya siku moja: kila siku mtu wa kale azamishwe kwa majuto na toba. Aliyetiwa waa tena leo asitafute magadi yake mwenyewe, yaani nadhiri kubwa na ukali juu ya wengine. Arudi kwenye maji yale yale.

6. Tufanyeje katika sharika zetu?

Kwanza, hatusemi ya kuwa kuchoma hirizi ni bure. Waamini wa Efeso walichoma vitabu vyao vya uganga hadharani, na thamani yake ilihesabiwa kuwa vipande vya fedha 50,000 (Matendo 19:19). Lakini wao waliamini kwanza, wakaungama, ndipo wakachoma. Moto ulikuwa tunda la moyo uliokwisha kugeuka. Mwalimu anayeharakisha moto kabla ya moyo, huenda akarudia hasara ya Yuda.

Pili, tuwaangalie waliochoma zamani. Mtoto akiugua, au mvua ikikosa, ndipo hesabu ile ya watu wa Misri inaporudi: "Tangu tulipoacha, tumepata nini?" Siku hiyo ndugu asiachwe peke yake. Wazee wa kanisa waende, waketi naye, waombe naye, wamsaidie kwa chakula na kwa safari ya hospitali. Maneno ya kukemea hayatoshi kwa mtu mwenye hofu.

Tatu, tusimwite jirani yetu najisi. Petro alifundishwa kwa njozi katika nyumba ya Yafa asimwite mtu awaye yote mchafu (Matendo 10:28). Mkristo anayekataa kuketi na baba yake mzazi, kwa kuwa mzee hajaamini, amesahau kwamba uchafu hautoki katika vyungu vya mzee. Paulo aruhusu kula mezani pa asiyeamini bila kuulizauliza (1 Wakorintho 10:27). Lakini akiambiwa ya kuwa chakula kimetolewa sadaka kwa sanamu, na asile, kwa ajili ya dhamiri ya yule aliyemwambia. Akatae kwa upole na heshima ya mwana, akaendelea kuketi na baba yake.

Mtume Yohana alipofika mwisho wa waraka wake wa kwanza, hakuweka salamu. Aliwaonya watoto wake wajilinde na sanamu. Aliwaandikia Wakristo waliokwisha kubatizwa, nasi tumo katika hesabu yao. Mungu mwenye rehema atunyunyizie maji yake safi, atupe moyo mpya. Amina.

Maswali ya kufundishia

1. Unajisi wa kugusa maiti na unajisi wa sanamu vimetofautianaje katika Torati?
2. Yosia aliondoa nini, na kitu gani hakuweza kukiondoa?
3. Watu waliokimbilia Misri walitoa sababu gani ya kurudia ubani wao? Sababu hiyo yasikika wapi kwetu?
4. Katika Ezekieli 36, nani ananyunyiza maji, na anaosha nini?
5. Kila mmoja ajiulize kimoyomoyo, asimjibu mtu: Mimi naogopa kupoteza kitu gani kuliko kumpoteza Mungu?